Samaki wanaoelea wakati wa baridi: je, ziwa limetiwa sumu?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Ninaishi Rungwe, jirani na ziwa dogo la kreta (shimo la volkano) lisilo na mto unaoingia wala unaotoka. Mwezi Julai, baada ya siku tatu za upepo na baridi kali, tuliamka tukakuta perege wengi wanaelea, maji yamegeuka ya kijivu na yananuka kama mayai viza. Wapo wanaosema mtu ametia sumu. Tutajuaje ukweli, na je, tununue vifaranga wa sato tupandikize upya?

JIBU: Ndugu msomaji, poleni sana. Dalili ulizozitaja, hasa ile harufu, zinaelekeza zaidi kwenye kupinduka kwa maji, yaani ya chini kupanda juu, kuliko kwenye sumu, na ningewasihi msimtuhumu mtu kabla ya kupima.

Ziwa la kreta huwa na kina kirefu kwa eneo dogo, na kingo zake hulikinga na upepo. Wakati wa joto, maji ya juu yaliyopashwa na jua huwa mepesi, nayo hukaa juu ya yale ya chini bila kuchanganyika kwa miezi mingi. Tofauti ya digrii moja tu, kati ya 24 na 25, hubadili uzito wa maji takriban mara 30 zaidi kuliko tofauti ya digrii moja kati ya 4 na 5, kwa hiyo matabaka hayo hudumu hata pale ambapo mkono hauwezi kutambua tofauti ya joto. Huko chini, bakteria wanaoozesha majani na mwani uliozama humaliza oksijeni yote, kisha huzalisha gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo harufu mliyoinusa. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi huyapoza maji ya juu, yakawa mazito na kuzama, upepo ukazidisha mchanganyiko, na yale ya chini yakapanda na kuimeza oksijeni iliyobaki. Ziwa Bunyonyi la Uganda, lililo takriban mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, lilipoteza samaki wengi kwa njia hiyo katika miaka ya 1960.

Mwangalieni kambale. Yeye ana kiungo cha kuvutia hewa moja kwa moja, kwa hiyo oksijeni ikiisha majini, perege hupanda juu alfajiri wakitweta, wakubwa wakitangulia kufa, ilhali kambale wengi husalimika. Sumu kali haichagui hivyo: mara nyingi huua kambale, vyura na wadudu wa majini pamoja, saa yoyote. Mpaka hapo mtakapopata jibu, msile samaki waliokufa, na mwiteni afisa uvuvi wa wilaya achukue sampuli siku hiyohiyo.

Kuna kipimo mnachoweza kukifanya wenyewe. Fungeni jiwe kwenye chupa yenye kizibo, mwishushe mita 15, kisha mng'oe kizibo kwa kamba ya pili. Ikipanda, nuseni kwanza. Halafu mwache maji hayo kwenye bilauri nyeupe, kwani maji yasiyo na oksijeni yenye chuma hutoka maangavu na baada ya muda huanza kugeuka rangi ya kutu. Afisa akija na kipimo cha oksijeni, mwombeni apime alfajiri, kila baada ya mita mbili. Perege hudhoofika chini ya miligramu 3 kwa lita.

Kuhusu vifaranga, jibu langu ni hapana, na nalisema kwa uzito. Katika Ziwa Masoko, huko huko Rungwe, watafiti walieleza mwaka 2015 jinsi samaki wa aina moja, Astatotilapia calliptera, wanavyogawanyika makundi mawili, wa manjano ukingoni na wa bluu kilindini, na hakuna ajuaye ziwa lenu limehifadhi nini kabla halijachunguzwa. Sato wa kigeni huweza kuzaliana na perege wenyeji na kuifuta mbegu yao. Subirini maji yapate joto. Waliosalia wataanza kutaga wenyewe.