Muulize Baharia: Hamburg hadi Flensburg, tushuke wapi?

SWALI: Shikamoo Baharia. Mimi nauza samaki Deep Sea, hapa hapa Tanga. Mwanangu wa kwanza anasoma Flensburg, kaskazini kabisa mwa Ujerumani, na katikati ya Novemba naenda kumtembelea. Nitafikia Hamburg kwa binamu yangu, kisha Jumamosi kijana atakuja kunichukua twende kwake kwa treni. Amenitumia orodha ya pa kusimama njiani ili nione nchi: Lübeck, Plön, Kiel, Rendsburg, Eckernförde, Schleswig na kijiji cha kale cha Waviking. Yote siku moja! Magoti yangu si ya kukimbilia treni. Tushuke wapi, tuache wapi? Na je, naweza kumbebea dagaa na papa mkavu?
Mama Samaki, Chumbageni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie kijana orodha yake ni ya mwezi wa Juni, jua la huko linapochelewa kuzama hadi karibu saa nne usiku. Katikati ya Novemba jua la Flensburg linachomoza kama saa mbili kasorobo asubuhi, na ikifika saa kumi na robo limeshazama. Siku za mawingu, ambazo ndizo nyingi, hata huo mwanga wenyewe ni wa kuhesabu. Kuna mwanga wa kushuka mahali pawili, na mimi nimeshachagua: Rendsburg na Eckernförde. Kiel mbadilishe treni tu. Lübeck inawavuta mashariki, na mji ule wa matofali mekundu unastahili siku yake peke yake, si saa moja ya kupiga picha lango na kurudi mbio. Plön ni maziwa na miti, na miti ya Novemba haina majani.

Kwa Rendsburg nina maneno mengi, nivumilie. Meli zetu zikitoka Bahari ya Kaskazini kuingia Baltiki hazikuwa zikizunguka Denmark. Zilikata kwa Mfereji wa Kiel, kilomita 98 toka Brunsbüttel hadi Kiel. Ulifunguliwa mwaka 1895, wakati reli yetu ya Tanga, ambayo Wajerumani haohao waliianza 1893, ilikuwa bado haijafika Muheza. Kwenye mfereji ule rubani anapanda, na meli ikiwa kubwa wanapanda pia washika usukani wa mfereji wenyewe, ninyi mabaharia mnabaki watazamaji. Saa nane hivi mnakwenda polepole, ng'ombe wanakula majani kulia na kushoto, mtu yuko juu ya baiskeli anawapita. Halafu mbele linatokea daraja la chuma, treni iko juu kabisa angani, na chini ya daraja kuna kibanda kinaning'inia kwa nyaya, kimebeba magari na watu, kinawavusha ng'ambo bila kugusa maji.

Daraja hilo lilijengwa kati ya 1911 na 1913, na linaziachia meli mita 42 za kupita chini. Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi hulipita wakiwa wameinamia simu. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, na stesheni ya Rendsburg iko karibu mno na mfereji. Wahandisi wakaizungusha reli duara zima juu ya nyumba za watu, ili treni ishuke taratibu mpaka chini. Kwa hiyo mkitoka Hamburg kaeni dirishani. Mkishavuka mfereji treni itakunja, na mtaliona daraja mlilotoka kulivuka likiwa pembeni yenu, na mapaa ya nyumba yako chini ya madirisha. Hiyo mnaipata bila kuongeza hata senti kwenye tiketi.

Mkishuka, kile kivuko cha kuning'inia kiko kama nusu saa kwa miguu kutoka stesheni. Kwa magoti yako, chukueni basi au teksi. Kuvuka ni dakika mbili hivi na hakuna nauli. Vivuko vyote vya mfereji ule ni vya bure, maana mfereji ndio uliokata barabara za watu katikati. Januari 2016 meli ilikigonga kikavunjika, na kipya kimeanza kazi 2022. Kijana aangalie kwenye simu kama siku hiyo kinafanya kazi, kwa sababu matengenezo hayaishi. Kikiwa kimesimama, ipo njia ya chini kwa chini ya waenda kwa miguu, yenye ngazi za umeme ndefu ajabu. Mjini ng'ambo ya pili hamna shida ya kwenda mbali. Simameni ukingoni msubiri meli. Itatokea tu, mfereji ule hauna siku ya mapumziko.

Karibu na daraja pana mahali pa kulia chakula ambapo meli inayopita husalimiwa kwa bendera na wimbo wa taifa wa nchi iliyosajiliwa. Sisi tulipigiwa wimbo wa nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga. Mpishi wetu, mtu wa Pemba, alisimama wima na kuweka mkono kifuani hivyohivyo.

Toka Rendsburg kuna treni ya kwenda Kiel, dakika arobaini hivi, na hiyo nayo inapita juu ya daraja lilelile. Ukitoka Kiel kwenda Eckernförde unauvuka mfereji mara ya tatu, huko Levensau. Kiel yenyewe ilipigwa sana mabomu wakati wa vita, ya zamani yaliyobaki ni machache. Ukitoka nje ya stesheni utaona maji hapohapo na meli kubwa ya abiria iendayo Norway. Itazame, nunua chai, panda treni.

Eckernförde usikimbie. Ni mji wa watu elfu ishirini na kitu, nao una urafiki rasmi na Tanga tangu 1963, kwa hiyo usishangae ukitaja unakotoka na mtu asikuulize iko wapi. Lakini sikupeleki kwa ajili ya urafiki. Nakupeleka kwa ajili ya samaki.

Wana samaki wao mdogo, jamaa yake dagaa, rangi ya fedha. Wanawatunga kwenye fito za chuma, safu kwa safu, wanawaingiza kwenye tanuri la moshi wa kuni, na wanatoka wakiwa na rangi ya dhahabu, ngozi inang'aa mafuta. Wenyeji hujigamba kwamba wao ndio wanaojua kugeuza fedha kuwa dhahabu. Cha kuchekesha, dunia nzima inawaita samaki wa Kiel. Inasimuliwa kuwa masanduku yao yalisafirishwa kupitia stesheni ya Kiel, yakapigwa mhuri wa Kiel, na jina likaganda. Watu wa Eckernförde mpaka leo hawajalisamehe hilo, na wewe uliyewahi kuona dagaa wa Tanga wakiuzwa Dar kama wa Mafia utawaelewa.

Analiwa mzima, kichwa na mkia. Usianze kumchambua miiba mbele za watu. Nunueni wa kula mkiwa mmesimama, na mkate. Halafu muombe mwanao akutafsirie umuulize muuzaji maswali ya kazi: moto unakaa muda gani, wanaanza na moshi au na joto, wanajuaje kuwa tayari. Sisi huku dagaa tunachemsha na kuanika, na mvua ikinyesha siku tatu mzigo umekwenda. Ila usidanganyike na ile rangi. Samaki wa moshi wa moto anataka jokofu na siku zake ni chache, hafiki Tanga kama ng'onda anavyofika Lushoto.

Bandari ni ya kutembea kwa miguu, kuna daraja la mbao la kuvukia upande wa Borby, na kutoka mtaa wa maduka hadi mchanga wa ufukweni ni dakika chache tu. Ni ufukwe hasa, mweupe, ila upepo wa Novemba utakukumbusha uko wapi. Ukiona ng'ambo ya ghuba kitu cheusi kirefu kimelala juu ya maji, hiyo ni nyambizi. Jeshi la majini la Ujerumani lina kambi yake hapo.

Saa zenu ziwe hivi: Hamburg mtoke kama saa mbili asubuhi, Rendsburg mfike saa tatu na nusu, mtoke saa tano na nusu. Eckernförde mfike saa saba hivi, na mkae mpaka giza liingie. Flensburg ni chini ya saa moja kutoka hapo. Mizigo mikubwa usizunguke nayo. Kijana aje Ijumaa, aitangulize, au mtumie makabati ya kufunga kwa sarafu stesheni. Adhuhuri na Alasiri zimebanana sana msimu ule, na wewe ni msafiri, ruhusa ya kukusanya na kupunguza unayo.

Tiketi: ulizeni Schleswig-Holstein-Ticket. Ni tiketi moja ya siku nzima, mnaandikwa majina, mnapanda na kushuka mtakavyo kwenye treni za mkoa, Hamburg ikiwemo. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, lakini Jumamosi na Jumapili inafanya kazi tangu usiku wa manane, ndiyo maana Jumamosi yenu ni siku nzuri. Treni za mwendo kasi haiziruhusu, msipande kwa makosa. Na Jumapili maduka ya huko yanafungwa, hata kibiriti hupati kirahisi.

Flensburg mtaitembea kesho yake. Akupeleke Norderstraße ukaone viatu vilivyoning'inizwa kwenye nyaya juu ya mtaa, kisha mshuke bandarini. Watakuonyesha majumba ya wafanyabiashara wa ramu. Ujue sukari ile ilitoka visiwa vya Denmark kule Karibiani, na waliokata miwa walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Mji ulikuwa chini ya Denmark mpaka 1864.

Sasa furushi lako. Nyama na vitu vya maziwa usibebe kabisa, Umoja wa Ulaya unavizuia kwa abiria atokaye nje. Samaki wa kula nyumbani anaruhusiwa, aliyekauka au wa moshi, jumla isizidi kilo 20. Dagaa basi beba, wafunge mara mbili na uwataje ukiulizwa. Papa mwache. Aina nyingi za papa sasa ziko kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini na zinataka kibali, na kwenye meza ya forodha hakuna atakayekaa kukubishia kama wako ni papa wa aina gani.

SWALI: Baharia, mimi nachonga milango Bagamoyo. Mwezi Mei nitakuwa Hamburg kwenye maonesho na nina siku moja ya mapumziko. Fukwe ninazo za kutosha nyumbani. Nataka kuona mbao.
Fundi, Bagamoyo

JIBU: Wewe, fundi, nakupeleka Schleswig ambako sikumpeleka Mama Samaki. Ni kama saa moja na nusu kwa treni kutoka Hamburg, na daraja la Rendsburg utalipita njiani. Katika kanisa kuu kuna altare ya mwaloni iliyochongwa na Hans Brüggemann, ikakamilika 1521. Ilikuwa Bordesholm, ikahamishiwa hapo 1666. Urefu wake unapita mita 12, na watu waliochongwa ndani yake ni karibu mia nne, wadogo kwa wakubwa. Haikupakwa rangi. Alama zote za patasi ziko wazi, nguo zinakunjana, nyuso zina hasira na usingizi. Chukua darubini, la sivyo nusu ya kazi itabaki juu huko usiione.

Stesheni iko mbali na kanisa, panda basi. Njiani kuna ngome ya Gottorf, na humo wamehifadhi jahazi la Nydam, la mwaloni, mita 23 hivi, la karne ya 4, lililofukuliwa kwenye matope mwaka 1863. Mbao zake zimepandiana ubao juu ya ubao na kukazwa kwa misumari ya chuma, tofauti kabisa na mtepe wetu uliokuwa ukishonwa kwa kamba za minazi. Angalia saa za kufungua kabla ya kutoka Hamburg, makumbusho mengi ya huko hufungwa Jumatatu. Na kanisa ni la ibada: ukikuta watu wanasali, kaa nyuma wamalize ndipo utoe daftari lako.