Jibu: Mwangwi kwenye rekodi ya shoo ya taarab

Mkuu, umeuliza kwa nini ukipandisha maiki za watazamaji rekodi yako inajaa mwangwi. Ni umbali tu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo maiki iliyo mita 34 kutoka jukwaani inachelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Ivute treki hiyo (rekodi ya maiki hiyo peke yake) kushoto kwenye programu mpaka mapigo ya dumbaki yalingane, ndipo uipandishe. Usiifute lakini! Taarab bila vigelegele na watu wa kutunza waimbaji pesa ni mazoezi.

Fidla ndizo zitakutoa jasho. Maiki zake zimebeba besi na kinanda pia. Kata masafa ya chini, yaani sauti nzito, ila usizime maiki hizo fidla zinaponyamaza, maana sauti ya jukwaa zima itasikika ikikatika na kurudi.

Kuhifadhi: weka treki ghafi, ambazo hazijamiksiwa, kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24, nakala tatu, moja nyumba nyingine kabisa. Andika jina la wimbo, mwimbaji na tarehe sasa hivi. Na kabla ya kutoa, pata ridhaa ya maandishi ya mtunzi wa mashairi pia, si ya mwimbaji peke yake.