Usikubali kupigiwa Windows kabla hujatoa mafaili yako

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu kompyuta zilizogoma baada ya kupandishwa toleo la Windows. Nimechagua yale ambayo jibu lake litawafaa wengi.

*Laptopu yangu ilikuwa inajipandisha kwenda Windows 11 usiku, umeme ukakatika. Betri yake ilishakufa zamani. Tangu asubuhi inaonyesha vidoti vinavyozunguka tu. Ndani mna alama za wanafunzi wa mihula mitatu. Fundi anasema dawa ni kupiga Windows upya. Nimpe?* (Mwalimu wa skuli, Wete)

Usimpe, mwalimu, nakuomba sana. Kwa uwezekano mkubwa alama zako bado zipo. Kilichovurugika ni Windows yenyewe, na umeme ukikatika aghalabu haufuti mafaili ya mtu. Anayeyafuta ni yule anayekuja na flashi yake mfukoni, akafomati diski kabla hajauliza ndani mna nini.

Kwanza ichomeke kwenye umeme wa uhakika, uiache saa mbili tatu. Mara nyengine Windows hugundua kwamba kazi ilikatika njiani ikajirudisha ilikotoka, na kwenye diski ya kuzunguka kazi hiyo huenda pole pole. Ukiona asilimia zinapanda, hata moja kwa nusu saa, usiiguse.

Ikiwa hakuna kinachosogea, bana kitufe cha kuwashia sekunde kumi mpaka izime. Iwashe, na nembo ikitokea tu izime tena. Rudia. Kwa kawaida ikifika mara ya tatu hukufungulia skrini ya matengenezo. Ingia palipoandikwa "Troubleshoot", kisha "Advanced options", uanze na "Startup Repair". Ikishindwa, rudi palepale uchague "Uninstall Updates" na uondoe lile toleo jipya. Fanya haraka, kwa sababu toleo la zamani huhifadhiwa siku 10 tu. "Reset this PC" iache kabisa kwa sasa: programu ulizoweka zitaondoka, na ukikosea chaguo moja mafaili nayo yatakwenda.

Hata hayo yakishindikana, bado hujafika kwenye kupiga Windows. Tafuta flashi ya GB 16, weka Ubuntu, mfumo wa bure unaofanya kazi badala ya Windows, ndani yake kwa kutumia kompyuta ya mwenzako, halafu washa laptopu yako kutoka kwenye flashi hiyo na uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Diski yako itaonekana kama folda. Nakili alama zako kwenye flashi nyengine, uzifungue kwenye kompyuta nyengine uone kama zinasomeka. Baada ya hapo fundi na apige anachotaka.

Mwaka jana nilifanya hivyo kwa mama mmoja aliyevuka na boti kutoka Mkoani, laptopu ameizongea kanga mbili ndani ya kikapu cha ukindu. Ndani yake mlikuwa na picha za mwanawe aliyefariki, na alikwishaambiwa zimepotea. Folda ya kwanza ilipofunguka aliweka kidole kwenye skrini, juu ya uso wa mtoto, na hakukiondoa mpaka nilipomwambia nakala imemalizika. Tangu siku ile neno "piga tu Windows" likinifikia sikioni linanikera.

Jambo jengine, mwalimu. Laptopu yenye betri iliyokufa usiikubalie kupandisha toleo. Sisi tulioishi Unguja bila umeme tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatuna haja ya kukumbushwa kwamba waya unaweza kukuacha wakati wowote. Badilisha betri kwanza.

*Kompyuta yangu haiwaki. Nifanye nini?* (Mwanakwerekwe)

Haiwaki vipi? Swali hili linaletwa kila mara, na kila mara halina maelezo. Taa inawaka? Feni inalia? Kuna maandishi kwenye skrini, na yanasemaje? Ulifanya nini mara ya mwisho kabla haijagoma? Piga picha ya skrini kwa simu uniletee, nitakujibu.

*Baada ya fundi kuigusa bayosi, kompyuta ya mapokezi inadai ufunguo wa tarakimu 48. Sijawahi kuweka nywila ya namna hiyo. Wageni wanaingia na orodha ya nafasi walizoshika imo humo.* (Mwenye nyumba ya wageni, Jambiani)

Hiyo ni BitLocker, inayofunga diski ili mwizi asisome kilichomo. Hukuiweka wewe, dada yangu, ilijiweka yenyewe. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka 2024, kompyuta nyingi zinazoanzishwa upya kwa akaunti ya Microsoft hufungwa diski bila mwenyewe kushtuka. Bayosi, yaani mipangilio ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, ikibadilishwa, BitLocker hushuku kuna anayeichezea, ikadai ufunguo.

Mwambie fundi arudishe alichobadilisha kwenye bayosi. Mara nyengine hilo peke yake linatosha. Lisipotosha, chukua simu, ingia kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku kompyuta ilipoanzishwa, utafute funguo za BitLocker. Linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye skrini na ile ya kwenye akaunti, kisha uandike tarakimu zote 48. Ikiwa aliyeianzisha ni mfanyakazi aliyekwishaondoka, ufunguo umo kwenye akaunti yake yeye, basi mtafute kwa wema leo hii. Ufunguo usipopatikana popote, mafaili hayo hayafunguki. Atakayekwambia ana njia ya mkato anataka pesa zako.

Na nyote mnaosoma: ikiwa kompyuta bado inawaka, utafuteni ufunguo huo sasa, muuandike kwenye karatasi muiweke pamoja na hati za nyumba.

*Niliambiwa Windows 10 imekufa, nikalipa kuwekewa 11 kwenye kompyuta ya dukani ya 2014. Sasa skrini ni nyeusi.* (Darajani)

Umeharakishwa bure. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na waliojiandikisha walipewa nyongeza ya mwaka mmoja ya marekebisho ya usalama, hadi 13 Oktoba 2026. Kuacha kuhudumiwa ni khatari ya virusi, ndiyo, lakini kompyuta haizimiki siku hiyo. Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na prosesa za miaka ya karibuni, na mashine ya 2014 haimo. Aliyekuwekea alipita mlango wa nyuma, na ilimpasa akwambie. Rudi Windows 10 kama siku 10 hazijapita. Kama zimepita, toa mafaili kwa njia niliyomweleza mwalimu, kisha weka Linux Mint, mfumo mwengine badala ya Windows, ambayo ni ya bure na haichoshi mashine kongwe. Kabla ya hapo hakikisha programu yako ya mauzo inakubali kufanya kazi humo.

*Nilishapigiwa Windows juu ya tasnifu yangu. Kuna matumaini?* (Mwanafunzi, Tunguu)

Angalia kama kuna folda ya Windows.old kwenye C. Ikiwepo, tasnifu huenda imo ndani. Isipokuwepo na diski ni ya kuzunguka, izime sasa hivi, usiandike kitu humo, umpelekee anayejua kutumia PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa. Ikiwa ni SSD, ile diski isiyozunguka, na imefomatiwa, pole sana mwanangu: diski hizo aghalabu hufuta kweli. Pekua barua pepe ulizomtumia msimamizi wako, huenda sura kadhaa zimo.

*Naweza kutumia flashi ya Windows ya rafiki?* (Mkoani)

Hapana. Ishushe mwenyewe kutoka Microsoft, hata ikila bando lote.

*Mimi sina wasiwasi, kila kitu nimeweka nakala kwenye D.* (Chake Chake)

Basi anza kuwa nao. Kwenye laptopu nyingi C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja: diski ikifa vinakufa vyote, na ikifungwa na BitLocker vinaweza kufungwa pamoja. Nunua diski ya nje, nakili, ichomoe, kaiweke kwa mama yako au kwa ndugu anayeishi mtaa mwengine. Ijumaa ijayo kaichukue, unakili tena.