Kwa mnaoanza kutunga muziki wa metali wa vita vya dini

Demo nyingi za vijana zinazonifikia siku hizi ni za vita vya dini na karibu zote zina ugonjwa mmoja, maneno ni damu, moto, mafuvu, shetani, halafu damu tena, ukimuuliza mwenyewe hii ni vita gani, ilipiganwa wapi, nani alimuua nani, anakujibu "aah ni vita tu bro, za dini". Hapo ndio nataka tuongee kidogo. Mimi nimewaandikia bendi mistari miaka kadhaa sasa na nyimbo ambazo watu bado wanaziomba shoo ikiisha ni zile ambazo nilizijua mpaka tarehe.

Kwa hiyo la kwanza, chagua siku moja, achana na vita nzima. Mfano Vita vya Miaka Thelathini kule Ujerumani, 1618 mpaka 1648, Wakatoliki na Waprotestanti. Wanahistoria wanakadiria waliokufa ni milioni 4.5 mpaka 8, na wengi hata hawakuguswa na upanga, ni njaa na tauni ndio iliwamaliza. Yote hiyo utaiingizaje kwenye wimbo wa dakika tano? Utaishia kutaja majina ya wafalme tu kama mwalimu wa historia anayekimbizana na kengele. Lakini tarehe 20 Mei 1631 unaiweza. Hiyo siku jeshi la Kikatoliki la majenerali Tilly na Pappenheim lilivunja na kuingia Magdeburg, mji wa Waprotestanti uliokuwa umezingirwa miezi, nyumba zikashika moto, na mji ukaisha. Waliokufa ni karibu watu 20,000. Mwaka uliofuata, Februari 1632, wakahesabu wakaazi waliobaki wakapata 449.

Sasa niambie "mito ya damu" yako itaishinda wapi hiyo 449. Hiyo namba unaiimba peke yake, gitaa zote kimya, dramu kimya, besi tu inavuma chini.

La pili ambalo kwangu ndio kubwa kuliko yote, tafuta mtu aliyekuwepo. Magdeburg alikuwepo Otto von Guericke, ndio huyo huyo wa fizikia aliyekuja baadaye kuonyesha nguvu ya hewa kwa farasi kuvuta nusu mbili za tufe la shaba lililonyonywa hewa zikagoma kuachana. Wakati ule alikuwa mmoja wa viongozi wa mji, akanusurika, akaandika aliyoyaona, na kuna sehemu moja ambayo nikiisoma mpaka leo nywele zinasimama. Anasema askari wakiingia nyumbani kwako, ukiwa na kitu cha kuwapa, unawapa, unapona wewe na familia. Kidogo anaingia mwingine naye anataka chake. Unampa. Anakuja mwingine. Mateso yenyewe hasa yalianza pale mwenye nyumba alipofika mwisho, hana tena cha kutoa, na aliyesimama mlangoni haamini kwamba hana.

Umeuona wimbo hapo? Maana huo tayari umejipanga wenyewe, kazi yako ni kutouharibu tu. Ubeti wa kwanza mlango unagongwa, unatoa hela. Wa pili unatoa vyombo vya fedha. Wa tatu pete ya mke. Rifu, kile kipande cha gitaa kinachojirudia, ni ile ile, usiibadilishe hata noti moja, mtu aichoke, aanze kuiogopa ikirudi, na kila ikirudi dramu inaongeza kitu, mara dabo kiki, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa miguu miwili, mara simbali. Ubeti wa nne mlango unagongwa na hakuna kitu ndani. Hapo ndio unanguruma, na uwe hujanguruma kabla. Vijana mnanguruma kuanzia sekunde ya kwanza halafu jambo lenyewe likifika hamna pa kupanda.

Kama kusoma kunakupa uvivu angalia picha za Jacques Callot, Mfaransa wa Lorraine, za mwaka 1633, seti ya picha 18 ndogo ndogo. Kuna moja ina mti mkubwa umejaa watu walionyongwa, na padri yuko kwenye ngazi kamshikia msalaba yule anayefuata. Cheki vizuri wanaonyongwa ni akina nani, ni askari wenyewe, waliopora. Mimi huo mti niliukodolea macho jioni nzima na nilipata mistari ya kutosha.

Halafu msichague upande jamani. Najua inavutia, mmoja shujaa mwingine shetani, kiitikio kinapanda chenyewe. Lakini Septemba ya mwaka ule ule wa 1631 pale Breitenfeld, jeshi la mfalme wa Sweden Gustav Adolf, Mprotestanti, na jeshi la Tilly walikutana, wa Gustav wakipiga kelele "Gott mit uns", Mungu yuko nasi, na wa Tilly "Jesus Maria". Watu wanaoita majina ya familia moja, wanachinjana. Sasa kiitikio si ndio hicho? Sauti mbili, moja kulia moja kushoto kwenye spika, hakuna anayeshinda. Tena baada ya Magdeburg, Mkatoliki akijisalimisha anaomba huruma, Waprotestanti wengine walimjibu atapata huruma ya Magdeburg, wakammaliza. Na huku pembeni Ufaransa, nchi ya Kikatoliki inayoongozwa na kadinali, ndio ilikuwa inamlipa huyo mfalme Mprotestanti thaler 400,000, sarafu za fedha, kwa mwaka apigane na Wakatoliki, wenzao hao Wafaransa. Kadinali! Mwenye kuimba kwamba hii ilikuwa dini tupu hajafungua kitabu, na mwenye kusema dini haikuwemo kabisa naye hajawasikiliza wale waliokuwa wanafia pale.

Lugha nayo. Sabaton wa Sweden albamu yao ya 2012 kuhusu dola ya Sweden waliitoa mara mbili, Kiswidi na Kiingereza, kwa hiyo msione aibu kuimba Kiswahili. Tena Kiswahili kinanguruma vizuri kweli, maneno yanaisha na irabu, ila maliza mistari yako na a au o, i inabana koo. Na mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ikigonga hapo hapo, miLANgo imeVUNjwa, mtu hata asiyejua lugha anakuelewa. Mambo ya pedali na amplifaya tutaongea siku nyingine, pedali haijawahi kuokoa mistari mibovu.

Kama Ujerumani iko mbali, huo huo mwaka wa 1631 una habari ya Mombasa. Agosti, hata miezi mitatu haijatimia tangu Magdeburg, Sultani Yusuf bin Hasan aliingia Fort Jesus akamuua kapteni wa Wareno, na Wakristo wengi wa mji wakauawa. Huyo Yusuf alilelewa na Wareno kule Goa, India, tangu mdogo, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo, na baba yake aliuliwa kwa njama za Wareno hao hao. Ukiandika hiyo kumbuka hilo la kutochagua upande mara mbili, maana watakaokusikiliza kuna mjukuu wa huku na mjukuu wa kule, wamesimama bega kwa bega mbele ya jukwaa. Mimi yangu ningeiweka yote kichwani mwa Yusuf ile dakika kabla hajachomoa jambia, na majina yote mawili aitwe, moja na kila gitaa.

Na mzazi akianza kuuliza mbona mnapiga makelele ya kishetani, usibishane naye. Mchapishie mistari kwenye karatasi, mpe asome, maana kwenye spika hata mimi niliyeandika wakati mwingine sishiki neno. Wa kwangu alisoma hiyo ya milango, akavua miwani, akaniuliza yule mke alipona.