Kitasa nitanunua, kenchi siwezi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama tungekubali kupanga nyumba ambayo matengenezo yote ni juu ya mpangaji. Mimi nilikubali, na nyumba yenyewe bado naishi humo, hapa Tabora mjini, upande wa Isevya. Ni mwaka wa tatu sasa. Ukiniuliza kama ningekubali tena, nitasema ndiyo kwa kila kitu ambacho nitakitumia mpaka kiishie mikononi mwangu. Paa halimo.

Nilihamia mjini kutoka Urambo kwa ajili ya kazi ya ualimu. Dalali alinizungusha nyumba tatu. Mbili zilikuwa za vyumba vitatu kwa 150,000 kwa mwezi. Ya tatu ilikuwa kubwa kuliko hizo, ina uzio wa michongoma na miembe miwili uani, lakini kodi yake 100,000. Mwenye nyumba, bibi mjane wa miaka sabini na ushei, alinieleza sababu bila kuficha: "Mayu (mama), sina nguvu za kukimbizana na mafundi. Kaa kama kwako, kikiharibika tengeneza." Nikapiga hesabu palepale. Nafuu ya 50,000 kwa mwezi ni 600,000 kwa mwaka. Nikalipa miezi sita, dalali akachukua ya mwezi mmoja, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Karatasi ilikuwa na mstari huu: "Matengenezo yote ya nyumba yatafanywa na mpangaji kwa gharama zake." Nilisaini nikiwaza mabomba na vitasa.

Mabomba na vitasa vilikuja kweli, na sivilalamikii. Nilinunua koki ya jikoni, kwa sababu mwanangu ndiye aliyekuwa akining'inia kwenye ile ya zamani. Nilibadilisha swichi mbili, kitasa cha mlango wa nyuma na nyavu za madirisha. Nilipaka rangi sebule kwa hiari yangu. Penye shimo la choo ndipo nilipoanza kusita. Lilijaa mwezi wa nne tangu nihamie, nikalipa gari la kunyonya. Lakini kwa miezi minne familia ya watu wanne haijazi shimo. Nilikuwa nimelipia choo cha wapangaji walionitangulia.

Kisha mvua za Novemba zikaja, na mchwa wakaja nazo. Asiyewahi kuishi Tabora hawezi kuujua uzito wa neno hili. Niliona mstari mwembamba wa udongo umepanda kwenye kona ya chumba cha watoto, kutoka sakafuni hadi kwenye silingi bodi. Nikaufagia. Baada ya siku tatu ulikuwa umerudi. Nikaendelea kuufagia kwa wiki kadhaa kama mtu anayefuta buibui, na hilo ndilo kosa ninaloomba kila mpangaji asilirudie. Mchwa hawavumilii mwanga wala hewa kavu. Hujijengea njia ile ya udongo ili wapite humo na unyevu wao. Kwa hiyo ukiona njia, jua upande mmoja kuna ardhi na upande wa pili kuna chakula.

Chakula kilikuwa kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Fundi alipopanda darini akagonga mbao kwa nyundo, zikalia kama boksi tupu. Mchwa hula mbao kwa ndani na kuacha ngozi ya nje, hata mtu akimulika tochi ataona mbao nzima. Milango ya nyumba hiyohiyo ni ya mninga na haijaguswa mpaka leo. Aliyejenga aliweka mninga panapoonekana, na juu, pasipofika macho, akaweka mbao laini zisizotiwa dawa. Watoto wangu walikuwa wakilala chini yake.

Mbao, dawa, misumari, mabati manne yaliyochanika wakati wa kung'olewa, pamoja na ufundi, vilifika 940,000. Nafuu ya kodi ya zaidi ya mwaka na nusu ilikwenda kwa wiki moja.

Fedha iliniuma, lakini kilichoninyima usingizi ni hesabu nyingine. Kenchi iliyotiwa dawa na kuezekwa vizuri itakaa miaka ishirini na zaidi. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja. Bibi angeweza, au watoto wake wangeweza, kuniambia mwaka ukiisha niondoke, na paa likabaki linamtunza mpangaji mwingine atakayelipa 150,000 kwa sababu nyumba sasa ni nzima. Hapo ndipo naona makubaliano ya aina hii yanapopinda. Koki nitaitumia mpaka ichoke. Paa siwezi kulimaliza, wala msingi, wala ukuta. Anayelipia kitu cha miaka ishirini apewe miaka ya kukitumia, au arudishiwe fedha yake. Wafanyabiashara wanaopanga fremu, yaani vyumba vya maduka, wanalijua hili siku nyingi: mtu anamalizia fremu ya mwenye jengo, anapiga sakafu na kuweka mlango wa chuma, halafu gharama inakatwa kwenye kodi mwezi kwa mwezi. Sioni kwa nini mwenye duka alindwe namna hiyo na mama mwenye watoto asilindwe.

Rafiki yangu mwanasheria alinisomesha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kifungu cha 88 kinamwekea mwenye nyumba wajibu kwamba nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu pango linapoanza, na iendelee kufaa muda wote wa pango. Kifungu cha 89 kinamtaka mpangaji atunze jengo na kulirudisha katika hali aliyolikuta, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida. Nyumba ambayo kenchi zake ni maganda juu ya vitanda vya watoto haifai kukaliwa, hata kama mpangaji amesaini karatasi ngapi. Alinishauri nipeleke shauri Baraza la Ardhi na Nyumba. Sikwenda.

Sikwenda kwa sababu namjua bibi. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli, akaijenga nyumba ile kidogo kidogo kwa mshahara wake. Leo kodi yangu ndiyo dawa zake za presha na chakula chake. Hakuwa ananificha mchwa. Yeye mwenyewe hajapanda darini maisha yake yote. Watu wanaozungumzia wenye nyumba kama kundi moja la matajiri waje waone wajane wa mji huu walioachiwa kuta na hawana kingine.

Nilimpelekea risiti zote, nikakaa naye barazani tangu alasiri mpaka giza likaingia. Tulikubaliana akate 40,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, ambayo ni 480,000, karibu nusu ya gharama. Nusu nyingine nikaibeba mimi kwa sababu kodi yenyewe ni nafuu, naye akanipa mkataba wa miaka mitatu. Karatasi mpya haina neno "yote". Inataja: koki, vitasa, swichi, vioo, nyavu na rangi ni vyangu, paa, kuta, sakafu, shimo la choo na mchwa ni vyake, na nikivitengeneza kwa idhini yake tunakatana kwenye kodi. Tuliambatanisha picha za kila chumba.

Kwa msomaji anayetaka kusaini leo, ushauri wangu ni mmoja: kabla ya kumlipa dalali, mlipe fundi apande darini na nyundo, agonge kila mbao, na uandike alichokikuta.

Kuna jambo moja tulilisahau. Tawi kubwa la mwembe limeinamia upande ule wa mabati mapya, na upepo wa mwanzo wa mvua hapa huwa mkali. Karatasi haisemi lolote kuhusu miti. Mkataji anataka 30,000. Jumamosi nitakwenda kwa bibi, tulizungumze kabla ya Novemba.