Seti ya shingo ya baskeli: pima kwanza, ndipo utume Unguja

Vijana mnaoanza ufundi hapa Pemba, nataka tuizungumze shingo ya baskeli, yaani pale uma wa gurudumu la mbele unapopita kwenye fremu na usukani unapogeukia, maana ndiyo kazi ninayoona wengi wenu mnaiendea na nyundo mkononi. Mteja analeta baskeli usukani unagonga, mnafungua, gololi zimekwisha, simu inapigwa Unguja: "Nitumie seti ya shingo." Boti ikifika, seti haiingii, au inaingia kwa kulazimishwa, na hilo ni baya zaidi. Mwenye duka hana kosa. Kaombwa seti ya shingo, katoa seti ya shingo, na seti hizo, yaani vikombe, pete, gololi na nati zake, ni za aina nyingi.

Kwanza hakikisha ugonjwa uko hapo. Bana breki ya mbele, weka vidole pale kikombe cha chini kinapokutana na uma, kisha isukume baskeli mbele na nyuma. Vidole vikihisi mchezo, shingo imelegea, na mara nyingi kukaza tu kunatosha. Halafu nyanyua gurudumu la mbele, ugeuze usukani taratibu huku na huku. Ukiwa unanasa pale katikati, njia ya gololi imechimbika. Watu husema ni mashimo ya barabarani, lakini sababu kubwa ni nyengine: baskeli ikienda moja kwa moja, gololi zinatikisika mahali pamoja, grisi inasukumwa pembeni, chuma kinasugua chuma. Hapo ukaze ulegeze, haiponi.

Mteja akiwa hana pesa kwa sasa, ipo njia ya kumsogeza. Toa gololi zilizomo kwenye keji, ile pete inayozishika zikae kwa nafasi, weka mpya za saizi ile ile bila keji, zijaze njia mpaka ibaki nafasi ya kama gololi moja. Kwa kuwa idadi imebadilika, haziangukii zote kwa pamoja kwenye vile vishimo. Mwambie wazi kwamba ni ya muda.

Sasa vipimo. Baskeli nyingi tunazotengeneza zina shina la uma, lile bomba linalopita ndani ya shingo, lenye uzi na nati juu, na shina hilo ni inchi moja, yaani milimita 25.4. Kusema "inchi moja" dukani hakutoshi. Mitumba yetu inatoka Japani na inatoka Ulaya, na inchi moja yao haikalii vikombe vilevile. Kwa kiwango cha Japani, JIS, kikalio cha uma, pale inapokaa pete ya chini, ni milimita 27.0, na vikombe vinavyoingia kwenye fremu ni 30.0. Kwa kiwango cha ISO, kile cha kimataifa cha zile za Ulaya, kikalio ni 26.4 na vikombe ni 30.2. Pete ya 26.4 haishuki kwenye kikalio cha 27.0, na ukiipiga inapasuka. Pete ya 27.0 kwenye kikalio cha 26.4 inacheza siku ya kwanza. Nimeona mafundi wakikata kopo la soda kuziba nafasi hiyo. Mimi siikubali kazi hiyo kwa baskeli itakayoteremka vilima vyetu na mtu nyuma kwenye karia.

Kwa hiyo fungua kila kitu, safisha, chukua venia, kile kipimo cha taya kinachosoma sehemu za milimita. Pima kikalio cha uma baada ya kutoa pete. Pima tundu la fremu baada ya kutoa vikombe, kwa pande mbili, maana shingo iliyowahi kugonga huwa si duara tena. Tundu huwa dogo kuliko kikombe kwa kama sehemu ya kumi ya milimita, ndiyo maana kikombe kinashika. Kisha pima kikombe cha zamani sehemu inayoingia ndani. Usiangalie kibandiko kwenye fremu ukaridhika, kwa sababu uma huenda ulishabadilishwa na fundi mwengine. BMX za inchi moja nazo huwa na tundu kubwa, karibu 32.7, kwa hiyo usizichanganye na hizo.

Uzi nao una mambo yake. Kawaida ni nyuzi 24 kwa inchi, lakini Raleigh za zamani za Nottingham zina 26. Weka rula, hesabu nusu inchi: 12 au 13. Nati ya 24 kwenye shina la 26 inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inakaza. Ikikaza hapo, irudishe.

Kipimo kinachosahauliwa zaidi ni kimo. Chukua urefu wa shina kuanzia kikalio hadi juu, toa urefu wa shingo ya fremu. Kinachobaki ndiyo nafasi ya seti nzima. Seti ikiwa fupi, utaongeza washa. Ikiwa ndefu, nati ya juu itashika nyuzi chache, na hiyo usiifunge.

Baskeli mpya za shina lisilo na uzi nyingi ni milimita 28.6, na vikombe vya nje huwa vya 34. Zenye beringi iliyozama ndani ya fremu, soma maandishi kwenye beringi yenyewe: kipenyo cha nje, kisha pembe mbili, mfano digrii 36 x 45 au 45 x 45. Pembe ikikosea, beringi haikai, hata kama kipenyo ni sawa.

Vikombe viingize kwa boliti ndefu, nati na washa pana, kimoja baada ya chengine, uangalie vinaingia sawa. Grisi weka nyingi, hasa kwa wateja wa ufukweni, maana chumvi huanzia kikombe cha chini. Kama unatumia keji, gololi ndizo ziguse njia yake, keji isiguse. Ukiigeuza, usukani utakwaruza hata seti ikiwa mpya. Kaza mpaka mchezo uishe na usukani uanguke wenyewe kila upande, funga nati ya juu, kisha jaribu tena, kwa sababu nati hiyo huongeza mkazo. Na mteja umwambie arudi baada ya siku chache, maana vikombe vipya hukaa vizuri vikishatembea, na mchezo kidogo hurudi.