Mchaichai kwenye shira, mrehani kwenye glasi

Swali la wiki lilikuwa: "Joto la kaskazi limeshaingia. Nitatengenezaje nyumbani kokteli ya matunda na majani ya harufu, bila vifaa vya baa, na isiwe sukari tupu?"

Chukua pasheni, ndimu, mchaichai na mrehani, pamoja na Konyagi au jini. Matunda yenyewe hayana taabu. Kazi iko kwenye majani. Wengi hutupa kila kitu kwenye blenda, wakasaga, wakachuja, kisha wakashangaa kwa nini kinywaji kina rangi ya maji ya mchicha na uchungu unaobaki kooni. Mchaichai na mrehani havitendewi sawa. Mchaichai ni nyuzi ngumu, na mafuta yake ya harufu hayatoki mpaka upondwe na kupata moto. Mrehani ni laini: moto huugeuza mboga, na visu vya blenda huukatakata mpaka utoe uchungu wa majani mabichi. Kwa hiyo mchaichai uingie kwenye shira, mrehani uingie mbichi dakika ya mwisho.

Shira inataka sukari gramu 200, maji mililita 200 na mashina manne ya mchaichai. Menya magamba makavu ya nje, ubakize sehemu nyeupe ya chini, kama sentimita 10 hivi. Majani ya juu yaweke kwa ajili ya chai. Ponda mashina kwa mchi mpaka nyuzi ziachane, katakata, tia kwenye maji, funika na uache yachemke kwa moto mdogo dakika 5. Hapo ndipo utie sukari, koroga iyeyuke, epua, funika tena na uiache dakika 30 kabla ya kuchuja. Usidharau kifuniko, maana harufu ya mchaichai huondoka na mvuke. Shira iliyoachwa wazi ikachemka dakika 20 inanukia jiko zima, lakini kwenye glasi haina kitu. Utapata karibu mililita 300. Weka kwenye chupa safi ndani ya friji na uitumie ndani ya wiki mbili. Ikianza kutoa povu au ukungu, mwaga.

Kwa glasi moja, kijiko cha mezani kina mililita 15 na cha chai 5, basi huhitaji kipimo kingine. Tia kwenye chupa ya jamu yenye kifuniko kinachokaza: shira mililita 25, maji ya ndimu mililita 15, na majani 8 ya mrehani uliyoyapiga kofi moja kati ya viganja. Yabonyeze mara mbili kwa mpini wa mwiko, basi. Ongeza nyama ya pasheni mbili zilizoiva, zile zenye ngozi iliyoanza kukunjamana, Konyagi mililita 50, na chumvi ya kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Chumvi hiyo haisikiki kama chumvi. Inapunguza uchungu na kulifanya tunda lisikike zaidi. Konyagi ina kilevi asilimia 35 na ladha yake haiko mbali na jini, ndiyo maana inakubaliana na majani. Ukitumia jini ya asilimia 40, mililita 45 zinatosha.

Onja sasa, kabla ya barafu. Lazima isikike tamu na kali kupita unavyotaka, kwa sababu baridi hufifisha utamu na barafu itaongeza maji. Anayerekebisha ladha ikiwa bado ya moto mpaka imridhishe huishia na kinywaji chepesi kisicho na mwelekeo.

Jaza chupa barafu ya vipande vikubwa, funga, tikisa kwa nguvu sekunde 12 hivi, mpaka nje pashike umande na vidole viume kwa baridi. Maji yanayoyeyuka hapo ni sehemu ya mapishi, lakini yana kiasi chake. Barafu iliyokaa nje ikaanza kulowa huyeyuka haraka mno. Mwaga kwanza maji yake. Na barafu inayolala karibu na samaki kwenye friza hubeba harufu ya samaki, kwa hiyo igandishe kwenye chombo chenye kifuniko. Chuja kwa chujio la chai kwenye glasi ndefu yenye barafu mpya, rudishia mbegu chache za pasheni kwa kupendezesha, malizia na maji baridi ya soda mililita 60. Soda isiingie kabisa kwenye chupa ya kutikisia: gesi itakirusha kifuniko.

Ikitoka kali kwa uchachu, ongeza shira kijiko kimoja cha chai kwa mara. Pasheni za njano ni chachu kuliko za zambarau, basi ukiwa nazo anza na ndimu mililita 10. Ikitoka chungu ilhali mrehani hukuuponda, tazama ndimu: imekamuliwa mpaka ganda likatoa utomvu wake, au maji yake yamekaa tangu asubuhi. Kamua papo hapo.

Embe linaweza kushika nafasi ya pasheni, ila halina uchachu wa kutosha. Saga, chuja nyuzi, pima mililita 60, pandisha ndimu hadi 25 na ushushe shira hadi 10. Wanaopenda dawa, ile ya Nairobi ya vodka, ndimu na asali, wakitaka kuweka asali hapa waichanganye kwanza na maji ya moto, asali vijiko viwili kwa maji kijiko kimoja. Asali tupu ikikutana na barafu huganda chini ya glasi, na glasi nzima hubaki chachu.

Asiyekunywa pombe asipewe kokteli iliyoondolewa kitu, maana kilevi ndicho kinacholeta ukali. Weka mililita 60 za chai nzito ya mchaichai iliyopoa, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba kilichopondwa, na shira 15 tu. Kwa wanywaji, utamu huu unaficha pombe: glasi moja ina takriban gramu 14 za kilevi halisi, na kwenye joto watu hunywa kwa kiu. Weka jagi la maji mezani.

Kwa wageni wanane, changanya mapema Konyagi mililita 400, shira 200, pasheni 16, chumvi robo kijiko cha chai na maji baridi 250. Maji hayo yanachukua nafasi ya barafu ambayo ingeyeyuka wakati wa kutikisa. Bila hayo jagi linakuwa kali mno. Weka friji saa mbili. Wageni wakishaketi, kamua ndimu mililita 120, koroga, chuja, mimina juu ya barafu, piga mrehani kofi na uutie glasi kwa glasi, kisha soda.